Cherehani ya mama inajaza nyuzi chini: achia kwanza hiyo nati ya tensheni

Dada mmoja wa Kongwa kaniandikia swali refu, nalifupisha. Ana Singer nyeusi ya kukanyaga aliyoachiwa na mama yake, imekaa stoo kama miaka sita chini ya gunia. Juzi kapata oda ya sare za shule akaitoa, akaifuta vumbi, akaitia mafuta ya alizeti "maana ndio yaliyokuwepo ndani", akaanza kushona. Juu mshono safi, akigeuza chini nyuzi zimejaa vitanzi. Akakaza skrubu ya kesi ya bobini (kile kikopo cha chuma chini kinachobeba bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini), vitanzi viko pale pale. Akakaza nati ya tensheni ya juu (ile inayobana uzi wa juu) mpaka mwisho, sasa uzi unakatika kila baada ya hatua mbili na mashine imekuwa nzito. Kaita fundi, fundi kaangalia dakika mbili kasema shato (kile chuma chenye ncha chini kinachodaka uzi wa sindano) imekufa, nunua nyingine. Anauliza: "Shikamoo fundi, ninunue shato au kuna mahali nimekosea?"

Marahaba dada, na pole. Shato usinunue kwanza. Kwa ulivyoeleza naona makosa kama matatu yamepandana, na spea pekee ambayo ningekwambia ununue leo ni sindano mpya na kichupa cha mafuta ya cherehani yenyewe.

Tuanze na hivyo vitanzi maana ndivyo vinavyowapoteza watu, hata mafundi wenye kibanda chao. Uzi ukijaa chini macho yanakwambia shida iko chini, mkono unaenda wenyewe kwenye bobini. Kumbe ule uzi uliojaa chini sio wa bobini, ni wa juu. Kama huamini weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, chukua kipande cha shuka la rangi nyingine kabisa, kikunje mara mbili, shona urefu wa kiganja alafu ugeuze. Kwako nina uhakika utakuta vitanzi vyekundu. Mshono ukiwa mzima nyekundu inabaki juu, nyeupe inabaki chini, na pale zinapokabana shingo ni katikati ya kitambaa, hupaoni. Ukiona vitone vyeupe vinachungulia juu, hapo ndio kinyume chake, uzi wa juu umebana mno au wa chini umelegea.

Kwa nini iko hivyo? Sindano inashuka na uzi, ikianza kupanda uzi unabaki kidogo nyuma yake kama kitanzi, ncha ya shato inakidaka hicho kitanzi inakizungusha kinaipita kesi ya bobini yote mzima mzima, alafu ule mkono unaopanda na kushuka hapo mbele unavuta uzi wote uliobaki chini urudi juu. Sasa huo mkono unapopanda lazima uzi uwe umebanwa kwenye visahani vya tensheni, vile viwili vilivyo nyuma ya nati. Kama haujabanwa mkono hauvuti uzi wa chini ya kitambaa, unavuta uzi mpya kutoka kwenye rili maana huko ndiko kwepesi, na ule wa chini unabaki umelala pale pale. Hivyo ndio vitanzi vyako dada. Kwa hiyo kukaza skrubu ya bobini hakukusaidia kitu, uliongeza shida ya pili juu ya ya kwanza.

Na swali la kujiuliza linakuwa sio "nikaze kiasi gani", ni "kwa nini visahani havibani". Mashine hii ilimshonea mama yako miaka mingi, hiyo nati haikujilegeza yenyewe stoo. Kuna kitu kimeingia, au kimeganda, au uzi haujakaa mahali pake. Mimi nati ya tensheni huwa naigusa mwisho kabisa, nikishamaliza mengine yote, na mara nyingi nikifika hapo sina cha kukaza.

Basi ilegeze hiyo nati irudi katikati. Kama ina namba weka 4, kama haina namba (nyingi za kizamani na cherehani nyingi za Butterfly hazina) legeza mpaka uone springi kubwa ya nje imetanuka alafu kaza taratibu mpaka uanze kusikia inasukuma kidole, simama hapo. Tutarudi.

Sindano. Toa hiyo iliyomo, itupe, usiiangalie mara mbili. Sindano iliyokaa stoo miaka sita na kutu yake, alafu ukashonea nayo gabadini na tensheni imekazwa mpaka mwisho, hata kama haijapinda kwa macho imepinda. Ukienda dukani omba sindano ya cherehani ya nyumbani, ile yenye kichwa bapa upande mmoja, kwenye pakiti utaona HAx1 au 15x1. Narudia bapa upande mmoja, kwa sababu madukani hapa Dodoma zimejaa pia za mashine kubwa za umeme, DBx1, kichwa chake ni mviringo kote, na muuzaji mwingine atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake. Ile ya mviringo inaingia vizuri tu kwenye tundu la cherehani yako, ndio ubaya wake, inaingia na haishoni, inaruka mishono, inakata uzi, na wewe unaanza tena kuhangaika na tensheni. Namba 14 inatosha kwa shati la poplini au tetroni, gabadini ya sketi na suruali weka 16.

Upande wa kuiweka unategemea mashine. Ukichungulia chini kushoto, kama bobini iko ndani ya kesi ya chuma unayoichomoa kwa kushika kile kilimi, ujue ni Singer aina ya 15, na Butterfly nyingi zilizopo mitaani ziliigwa humo humo. Hizo upande bapa wa sindano unatazama kushoto na uzi unaingia tundu la sindano kutoka kulia kwenda kushoto. Kama bobini inalala kifudifudi chini ya kibamba cha kusukuma, hiyo ni Singer aina ya 66 au 99 na mambo ni kinyume, bapa kulia, uzi kutoka kushoto. Ukichanganyikiwa pitisha ukucha kwenye sindano, upande mmoja una mfereji mrefu kutoka juu mpaka tunduni. Uzi unaingilia upande wa mfereji, na mfereji unatazama kule kilipo kile kishikizo cha mwisho cha uzi juu ya sindano. Kwako umesema kuna kesi ya chuma, kwa hiyo bapa kushoto.

Sasa hapa ndipo nataka utulie. Wakati unapitisha uzi, futi (ile inayokandamiza kitambaa) ilikuwa juu au chini? Wengi wanashusha futi kwanza wanaweka kitambaa alafu ndio wanakumbuka uzi. Visahani vya tensheni vinafunguka futi ikiwa juu na vinafunga futi ikiwa chini, ndivyo ilivyotengenezwa, ili uweze kutoa kitambaa bila kuvunja uzi. Ukipitisha uzi futi ikiwa chini visahani vimeshafunga, uzi unapita juu juu kwenye ukingo, hauzami katikati, na hapo ukaze ukazavyo ni sawa na kufunga mlango ambao mwizi yuko nje ya uzio. Kwa hiyo inua futi, pitisha uzi, ushike kwa mikono miwili huku na huku ya visahani uuvute chini kama unavyosafisha meno kwa uzi, utasikia umezama. Hakikisha pia umeshikwa na ile springi nyembamba kama waya iliyo pembeni ya visahani, alafu umepita kwenye tundu la mkono unaopanda. Ukiruka tundu la mkono ndio utajaza nyuzi chini mpaka shato ikwame.

Kabla hujaingiza uzi kwenye sindano fanya jaribio moja, mimi bila hili siendelei. Futi juu, vuta uzi: unakuja laini kabisa. Shusha futi, vuta tena: unagoma, ukilazimisha unakuja kwa uzito. Ukiona tofauti hiyo tensheni yako iko hai. Kama futi juu na chini ni ule ule ulaini, visahani havifungi. Kama juu na chini ni ule ule ugumu, havifunguki, au kuna uchafu umevikaba.

Mwaka juzi mama mmoja wa Bahi aliniletea Butterfly ya kukanyaga kwenye bodaboda, imefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na yeye tatizo lake lilikuwa hili lako, kasoro alizeti. Nikashusha futi nikavuta uzi, laini. Nikakaza nati mpaka mwisho, bado laini kabisa, kama visahani havipo. Nikafungua, katikati ya visahani nikakuta kipande cha uzi wa kijani, urefu hauzidi punje ya mchele, kimekaa humo hadi kimekuwa kigumu kama mshipi wa kuvulia samaki. Kimeinua kisahani upande mmoja, uzi unapita kwenye upenyo. Kushona kijani aliacha toka binti yake yuko darasa la tano, sasa binti yuko chuo. Nilimtolea kwa pini, nikamwonyesha kwenye kiganja, akakasirika kweli, maana alishanunua kesi mbili za bobini.

Ya kwako kabla ya kufungua chochote jaribu njia fupi. Futi juu. Chana utepe mwembamba wa khanga ya zamani, upana kama wa kidole kidogo, uloweshe kidogo mafuta ya taa, upitishe katikati ya visahani uvute mbele na nyuma kama unang'arisha viatu. Ukitoka na weusi au na rangi ya njano chenji utepe rudia, mpaka utoke safi, mwisho pitisha mkavu. Kwenye visahani hatuweki mafuta. Uzi ukishika mafuta unateleza na unachafua sare nyeupe za watu.

Ikigoma ndio ufungue. Ni nati moja tu dada usiogope, ila chukua simu piga picha kabla na piga picha kila kitu kinachotoka, na tandika kitambaa cheupe mezani maana humo kuna springi zinazoruka. Kwa ile isiyo na namba utatoka na nati, springi kubwa inayonyooka kama kichuguu, kibati cha duara chenye kijiti katikati, alafu visahani viwili. Visahani vina tumbo na mgongo kama bakuli: matumbo yaliyotuna yanatazamana, kingo zimefunguka kwa nje, ndio maana uzi unaingia kirahisi. Mtu akivirudisha vimegeuka uzi unaukuta ukingo mkali na unakatika kila saa. Katikati kabisa kwenye ile shina iliyopasuka kuna kipini chembamba kinachosukumwa futi ikiinuliwa. Kisukume kwa ncha ya bisibisi, kinatakiwa kiingie na kurudi bila kusita. Kwako ndicho ninachokitilia mashaka kuliko vyote, na sababu ni alizeti.

Alizeti dada. Sisi watu wa kanda ya kati tumebarikiwa mafuta, kila nyumba ina dumu, na kila mwaka naletewa cherehani zilizotiwa alizeti mpaka nimeacha kushangaa. Kuna mzee aliniambia "si mafuta ni mafuta tu?". Hapana. Angalia chupa ya mafuta ya kupikia jikoni kwako, pale shingoni ambapo yamechuruzika, au karai la maandazi kwa nje. Kuna kitu cha njano kinanata, ukikwangua na kucha kinatoka kama nta au hakitoki kabisa. Ni alizeti hiyo hiyo, imekaa hewani ikashikana na hewa ikaganda. Mafuta ya kula mengi yana tabia hiyo na alizeti inayo hasa. Mafuta ya cherehani ni ya madini, mepesi, meupe kama maji, yakikaa yanapungua au yanachafuka ila hayageuki gundi. Ulipotia ya jikoni siku ya kwanza mashine ilikimbia vizuri ukafurahi, baadaye ikaanza kuwa nzito. Ni hiyo. Na kama kidogo kiliingia kwenye kile kipini cha tensheni kimenasa ndani, ukishusha futi visahani vinabaki vimefunguka, ndio huo ulaini usioisha.

Dawa yake ni mafuta ya taa na uvumilivu. Toka nje kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa na mtu yeyote mwenye sigara. Toa mkanda kwenye gurudumu, laza kichwa cha mashine kwa nyuma, fungua kile kibati cha ubavuni kushoto chenye maua. Dondoshea mafuta ya taa kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinasugua chuma, juu na chini, usimwage, dondosha. Subiri nusu saa, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, taratibu mara hamsini hivi, utaona maji ya kahawia yanatoka. Futa, dondosha tena, zungusha tena. Mara ya kwanza itakuwa nzito, usilazimishe kwa nguvu ya mguu. Mimi kuna moja iliyokuwa imeganda kabisa ilinichukua siku nne, asubuhi natia, jioni nazungusha robo, kesho tena.

Ukimaliza futa kote na usiiache hivyo hivyo. Mafuta ya taa yanaosha ila hayalainishi, chuma kitabaki kikavu na kitakwaruzana. Tia mafuta ya cherehani tone moja kila tundu, zungusha, futa yaliyozidi, iache usiku kucha juu ya gazeti.

Tahadhari nyingine, na hii naisema kwa uchungu. Zile Singer nyeusi zina maua na maandishi ya dhahabu na juu yake kuna vanishi ya zamani ambayo spiriti inaiyeyusha. Nilifuta moja kwa spiriti nikiwa bado kijana, nikitaka kumfurahisha mwenye nayo, kitambaa kikatoka na ua zima na weusi wa mashine ukabaki na ukungu kama kioo kilichopumuliwa. Ilinibidi nimlipe. Spiriti na asetoni ya kutolea rangi ya kucha weka kwa vyuma vitupu ulivyovitoa nje tu, visahani, kesi ya bobini, bamba la sindano. Mwili ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo, inang'aa vizuri.

Tuje chini. Chomoa kesi ya bobini, alafu toa shato yenyewe. Kwenye aina ya 15 inashikiliwa na ringi ya chuma, nyingine ina vishikizo viwili vya kugeuza pembeni, nyingine skrubu, piga picha kwanza. Ndani humo utakuta vumbi la nyuzi lililoshikana na mafuta limekuwa kama kitambaa kinene, toa kwa brashi ya meno ya zamani na pini. Nyuma ya shato ndipo nyuzi zinapojificha, kipande cha uzi kimoja humo kinafanya mashine igonge kama mtu anapiga hodi.

Kuhusu "imekufa". Shato ya chuma cha zamani haifi kirahisi. Chukua soksi ya nailoni, ipitishe taratibu kwenye ncha ya shato na kingo zake. Ikiteleza shato ni nzima. Ikinasa mahali kuna kikwaruzo, kwa kawaida sindano iliyopinda iligonga pale, unasugua kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, kidogo kidogo mpaka soksi isinase. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la bamba la sindano, huko nako kunakuwa na alama za sindano zinazokata uzi. Shato inabadilishwa ncha ikiwa imevunjika au imeliwa mpaka butu, na hilo mtu halioni kwa dakika mbili bila kuitoa. Simsemi vibaya fundi wako, ila kuuza spea ni rahisi kuliko kupiga brashi.

Kesi ya bobini sasa. Ubavuni ina kibati chembamba cha springi na skrubu mbili ndogo, ile ya pembeni inakishikilia tu, ya katikati ndiyo ya tensheni ya chini. Chini ya kibati hicho hukaa vumbi jingi kuliko unavyodhani. Chukua kona ya vocha ya simu au karatasi ngumu, ipitishe chini ya kibati kutoka upande ule uzi unaotokea. Kisha bobini. Iwe imejazwa vizuri, imebana na imelala sawa, maana bobini iliyojazwa kwa mkono ikawa laini kama pamba mvutano wake unabadilika kila inchi na hakuna skrubu itakayokusaidia. Iwe ya aina yake pia, ya 15 ina pande bapa zote mbili, ile ya 66 imetuna kidogo, zinafanana dukani na zinasumbua mashineni. Ukiiweka ndani ya kesi uzi ukiingia kwenye mpasuo unajikunja kurudi nyuma kama herufi V kabla ya kuingia chini ya kibati. Kama unapita moja kwa moja bila kukunja geuza bobini.

Alafu shika uzi, acha kesi ining'inie. Haitakiwi kushuka yenyewe. Tikisa mkono kidogo kama unavyomwita paka, ishuke sentimita tatu nne isimame. Ikiporomoka mpaka chini kaza, isiposhuka kabisa (yako sasa hivi haitashuka, umeikaza) legeza. Unageuza skrubu kidogo sana, kama mshale wa saa kutoka saa 12 kwenda saa 1, basi, unapima tena. Fanyia hili juu ya sahani maana ile skrubu ikianguka kwenye udongo wa Kongwa hutaiona tena mpaka kiama.

Rudisha vyote, dondosha tone moja la mafuta kwenye njia ya shato, na sasa ndio tunaenda kwenye nati ya juu. Futi chini. Uzi mwekundu juu, mweupe chini, na kitambaa cha kazi yenyewe, gabadini mbili pamoja, sio shuka. Shona, geuza. Wekundu bado unachungulia chini, kaza robo. Weupe unachungulia juu, legeza robo. Kwa yenye namba ukiona inafika 9 na bado imelegea, au 0 na bado imebana, kuna kitu kimerudishwa vibaya humo ndani, rudi kwenye picha zako. Utakapohamia shati la poplini utagusa kidogo tena, kawaida kulegeza, kitambaa chembamba kikikunjamana kwenye mshono nyuzi zimebana mno.

Ile springi nyembamba kama waya usiisahau. Zungusha gurudumu kwa mkono uiangalie: inavuta uzi wote uliolegea wakati sindano inashuka, na inamaliza kazi yake pale ncha ya sindano inapogusa kitambaa. Ikiwa imevunjika au imelala haisogei, mshono utakuwa mzuri hapa na mbaya pale bila mpango, na hiyo kweli ni ya kununua, kispea kidogo tu.

Mambo mawili madogo madogo. Ukianza kukanyaga gurudumu lizunguke kuja kwako. Likianza kinyume hata nusu mzunguko nyuzi zinajisokota na kukatika, anza kwa mkono alafu mguu ufuate. Na ule uzi wa mama uliokuwa kwenye droo usiutumie kwa oda, uzi wa zamani uliokaa stoo unaweza kuwa umechoka ukakatika hata ukiuvuta kwa vidole, nunua polyester mpya 40/2.

Umesema pia namba ya mashine inaanza na herufi EK. Hizo za EK zilitoka Clydebank, Uskoti, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980, kwa hiyo hata ukipewa ofa ya kuibadilisha na mpya ya plastiki tafadhali kataa kwa heshima.

Kwa vumbi letu la huku, kuanzia Juni upepo ukianza mpaka mvua zije, cherehani iliyofunguliwa barazani inakula mchanga mchana kutwa. Ifunike kwa shuka kila unapoinuka, hata ukienda kunywa chai. Ukishona kutwa nzima tia mafuta kila siku asubuhi kabla ya kuanza, tone tone, na brashi kwenye shato kila jioni. Ukimaliza yote hayo na vitanzi bado vipo, nitumie picha ya kitambaa chenye nyuzi za rangi mbili, juu na chini, na picha ya visahani ukiwa umevifungua.